Urudufishaji wa data: Jinsi biashara inavyoweza kunusurika baada ya janga

ASUBUHI ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani katika makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie jijini Nairobi liliwaua watu 213 na kuwajeruhi maelfu ya wengine. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Jumba la Co-operative House, makao makuu ya Benki ya Ushirika, liliharibiwa vibaya hivi kwamba benki hiyo ililazimika kuhama, na haikurejea humo hadi mwaka wa 2002.

Msiba huo hukumbukwa kwanza kwa maisha yaliyopotea, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, uliwaachia wafanyabiashara swali ambalo halijapitwa na wakati: jengo lenye rekodi zote za kampuni likitoweka kwa dakika moja, ni nani atakayejua mteja yupi ana akiba kiasi gani, yupi anadaiwa, na mshahara wa nani haujalipwa?

Swali hilo haliwahusu wenye mabenki pekee. Katika eneo la Mugutha, lililo kwenye ukanda wa kati ya miji ya Ruiru na Thika katika Kaunti ya Kiambu, biashara zimeongezeka sambamba na nyumba za makazi tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012. Duka la vifaa vya ujenzi, shule ya kibinafsi, zahanati, chama cha akiba na mikopo: kila mojawapo sasa huweka hesabu zake katika kompyuta. Mara nyingi kompyuta hiyo ni moja tu, imewekwa chini ya meza, na nakala ya pekee ya hesabu hizo imo ndani yake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kompyuta inaweza kununuliwa tena kesho yake. Orodha ya wadeni haiuzwi dukani.

MAANA YA URUDUFISHAJI

Urudufishaji wa data ni utaratibu ambapo kila badiliko linalofanywa katika hifadhi moja ya data, kwa mfano malipo yanapoingizwa au bidhaa inapotolewa stoo, hunakiliwa mfululizo na kupelekwa katika hifadhi nyingine iliyo mahali tofauti. Lengo lake ni kuwa na mfumo wa pili unaofanana na wa kwanza, ulio tayari kuchukua usukani wakati wa kwanza umekwama.

Utaratibu huu hutofautiana na nakala rudufu ya kawaida, ile inayowekwa katika diski au kanda kila jioni au kila wiki. Nakala rudufu ni picha ya data ilivyokuwa wakati fulani uliopita. Urudufishaji ni mfano wa kioo: huonyesha data ilivyo wakati huu. Kila mmoja una kazi yake, na anayedhani kuwa kioo kinaweza kuchukua nafasi ya picha hujuta baadaye, kama itakavyoelezwa.

MASWALI MAWILI YA KWANZA

Kabla ya kununua mtambo wowote, wataalamu wa kukabiliana na majanga humtaka mwenye biashara ajibu maswali mawili.

La kwanza: anaweza kustahimili kupoteza data za muda gani? Anayenakili hesabu kila Jumamosi jioni amekubali, ajue asijue, kwamba janga likimfika Ijumaa atapoteza kazi ya siku sita. Kwa duka dogo linalotunza stakabadhi za karatasi, huenda hilo likavumilika, kwani hesabu zinaweza kuandikwa upya. Kwa chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake huweka na kutoa fedha kwa simu kila dakika, hata saa moja ni nyingi.

La pili: biashara inaweza kusimama kwa muda gani bila mfumo wake? Zahanati isiyoweza kuona kumbukumbu za wagonjwa haiwezi kungoja siku tatu. Kampuni inayotuma ankara mwisho wa mwezi huenda ikaweza.

Majibu ya maswali haya ndiyo huamua gharama. Kadiri muda unavyofupishwa, ndivyo fedha zinavyohitajika zaidi. Kuna wanaokodi chumba kitupu chenye umeme na intaneti, ambamo mitambo itapelekwa janga likitokea; hicho huitwa kituo baridi, na kurejea kazini huchukua siku au wiki. Kuna kituo vuguvugu, chenye mitambo ambayo data zake hazijakamilika. Na kuna kituo moto, ambacho mitambo yake inafanya kazi saa zote huku ikipokea kila badiliko, tayari kuchukua nafasi kwa dakika chache. Mabenki huhitaji cha mwisho. Duka la Mugutha halihitaji.

PAPO HAPO AU BAADAYE KIDOGO

Urudufishaji hufanywa kwa njia kuu mbili. Katika ile ya papo hapo, mfumo haumwambii mteja kuwa muamala wake umekubaliwa hadi vituo vyote viwili viwe vimeuandika. Kituo cha kwanza kikiteketea sekunde inayofuata, hakuna muamala uliokubaliwa utakaopotea. Katika njia ya pili, kituo cha kwanza hukubali muamala na kuendelea na kazi, kisha hutuma nakala sekunde au dakika chache baadaye. Njia hii ni rahisi na nafuu, lakini kilichokuwa bado njiani hupotea.

Tofauti kati ya njia hizi hutokana na umbali. Mwanga husafiri ndani ya nyaya za mkongo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka katikati mwa Nairobi hadi Mugutha ni takriban kilomita 30, kwa hivyo ujumbe huenda na jibu likarejea kwa muda wa sehemu tatu za elfu kumi za sekunde. Mfumo unaoandika muamala mmoja baada ya mwingine, huku ukingoja jibu kila mara, unaweza kuandika zaidi ya 3,000 kwa sekunde, ukiacha kando ucheleweshaji wa mitambo yenyewe.

Mombasa iko umbali wa takriban kilomita 480 kwa barabara. Safari ya kwenda na kurudi huko huchukua karibu sehemu tano za elfu moja za sekunde, na mfumo uo huo hauwezi kuandika zaidi ya miamala 200 hivi kwa sekunde. Mwenye duka hataiona tofauti hiyo. Kampuni inayoshughulikia mamilioni ya malipo itaiona mara moja. Ndiyo sababu urudufishaji wa papo hapo kwa kawaida hufanywa kati ya vituo vilivyo karibu, na ule wa baadaye kidogo hutumiwa kwa vituo vya mbali.

UMBALI UNAOFAA

Je, ukanda wa Ruiru na Thika unafaa kuwa makao ya kituo cha pili cha kampuni zilizo jijini? Kwa upande mmoja, ndiyo. Uko karibu kiasi cha kuruhusu urudufishaji wa papo hapo, na mbali kiasi kwamba moto, mlipuko au ghasia za katikati mwa jiji haziwezi kuufikia. Si ajabu kwamba wenye mitaji wameanza kuutazama. Mnamo Septemba 2025, kampuni ya Airtel Africa ilianzisha ujenzi wa kituo cha data cha megawati 44 katika Tatu City, Ruiru.

Kwa upande mwingine, kuna majanga yasiyojua mpaka wa jiji. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, na hitilafu kama hiyo ilijirudia Novemba na Desemba mwaka huo huo. Nairobi, Ruiru na Thika zote ziliingia gizani. Vilevile, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, yaliathiri Nairobi na kaunti jirani kwa wakati mmoja. Vituo viwili vinavyotegemea gridi moja ya umeme, na waya mmoja wa mkongo uliozikwa kando ya barabara moja, havipaswi kuhesabiwa kuwa viwili.

Kwa sababu hiyo, mashirika makubwa huwa na kituo cha tatu kilicho mbali zaidi, kwa mfano Mombasa au nje ya nchi, kinachopokea nakala baadaye kidogo. Kituo hicho cha tatu kina faida nyingine. Mawasiliano kati ya vituo viwili yakikatika, kila kimoja kinaweza kudhani mwenzake ameanguka na kujitangaza kuwa mkuu. Vyote viwili vikianza kupokea miamala, hesabu hutengana na kuzipatanisha ni taabu kubwa. Shahidi wa tatu huamua ni kipi kiendelee na ni kipi kisimame.

Huduma ya M-Pesa inaonyesha jinsi suala la mahali linavyoweza kubadilika. Ilianzishwa Machi 2007, lakini mitambo yake, iliyokuwa Ujerumani, haikuhamishiwa Kenya hadi Aprili 2015. Uhamisho huo uliondoa utegemezi wa safari ndefu chini ya bahari. Haukuondoa hitaji la kituo cha pili. Mnamo Aprili 24, 2017, mtandao wa Safaricom ulikwama kwa saa kadhaa nchini kote, na malipo ya madukani, nauli na ada yakakwama pamoja nao.

PALE KIOO KINAPODANGANYA

Urudufishaji hunakili kila kitu kwa uaminifu, makosa yakiwemo. Mfanyakazi akifuta faili ya wateja kwa bahati mbaya, ufutaji huo husafiri hadi kituo cha pili kwa kasi ile ile ya kazi halali. Wadukuzi wakifunga data kwa siri na kudai walipwe ndipo wazifungue, nakala ya pili nayo hufungwa.

Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi kazi za waandishi wa programu duniani, alikuwa akijaribu kurekebisha urudufishaji uliokwama. Alifuta data katika seva isiyo sahihi, yaani ile iliyokuwa ikitumiwa na wateja. Kampuni ilipogeukia nakala zake rudufu, iligundua kuwa mbinu kadhaa ilizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Iliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla ya kosa, na data za saa hizo zikapotea.

Kisa cha Maersk, kampuni ya Denmark inayomiliki meli za mizigo na ambayo makontena yake hupita katika bandari nyingi zikiwemo za Afrika, kina funzo kubwa zaidi. Mnamo Juni 27, 2017, kirusi kilichoitwa NotPetya kilienea katika kompyuta zake duniani kote. Kampuni hiyo ilikuwa na seva takriban 150 zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Kila moja ilirudufisha nyingine, na ilidhaniwa kuwa haziwezi kuharibika zote kwa pamoja. Ziliharibika zote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Hiyo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umepotea mahali ilipokuwa kabla ya kirusi kuifikia.

Data zake zilikuwa nyingi mno kutumwa kwa intaneti ya huko, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, mahali ambapo kazi ya ufufuzi ilikuwa ikiendeshwa. Ikabidi diski ipelekwe Nigeria kwa mkono na kukabidhiwa mfanyakazi mwingine aliyeabiri ndege hadi London. Maersk ilikadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichoiokoa kampuni hiyo kubwa, basi, ni nakala iliyokuwa haijaunganishwa na mtandao, na haikutengwa kwa busara bali kwa bahati. Mfanyabiashara mwenye hekima huitafuta bahati hiyo kwa makusudi: huweka walau nakala moja katika diski inayochomolewa baada ya kazi na kufungiwa mahali pengine.

NAKALA KATIKA JENGO MOJA

Kosa jingine ni kuweka nakala zote mahali pamoja. Usiku wa Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo moja la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Baadhi ya wateja waligundua kuwa nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lile lile lililoungua. Mnamo Septemba 26, 2025, moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon, Korea Kusini, ulisimamisha mamia ya huduma za umma na kuangamiza hifadhi ya faili za watumishi wa serikali yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala nje ya jengo. Sababu iliyotolewa ni kuwa hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Karibu na nyumbani, mahakama ya Kikuyu, iliyo katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, iliteketezwa wakati wa maandamano ya Juni 25, 2025, na nyaraka pamoja na vielelezo vya kesi vikaharibiwa. Karatasi iliyo ya pekee ikishika moto, huwa imekwenda moja kwa moja.

Kinyume chake ni kampuni ya udalali wa dhamana ya Cantor Fitzgerald. Ilipoteza wafanyakazi 658 jijini New York katika shambulizi la Septemba 11, 2001, zaidi ya kampuni nyingine yoyote. Mifumo yake ilikuwa na kituo kingine New Jersey na ofisi London, na soko la dhamana lilipofunguliwa siku mbili baadaye, kampuni iliweza kushiriki. Mitambo haikuweza kuwarejesha waliokufa. Iliwawezesha walionusurika kuwa na kazi, na kampuni kuzisaidia familia za wenzao.

SHERIA INASEMAJE

Nchini Kenya, jambo hili halijaachiwa hiari ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka anayeshughulikia data za watu binafsi awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati ufaao ikitokea ajali ya mitambo au ya mahali zilipo. Sheria hiyo pia imeweka masharti kuhusu kupeleka data hizo nje ya nchi, na nakala inayowekwa katika wingu la kampuni ya kigeni huhusika. Benki Kuu ya Kenya nayo huzitaka benki ziwe na mipango ya kuendeleza huduma wakati wa majanga na kuifanyia majaribio. Kwa upande wa ushuru, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 humtaka mlipaji atunze rekodi zake kwa miaka mitano; kuungua kwa kompyuta hakumwondolei mzigo wa kueleza hesabu zake.

DUKA LA MUGUTHA LIFANYEJE?

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi mjini humo lina data za gigabaiti 500, nyingi zikiwa picha za stakabadhi, na huongeza gigabaiti mbili kila siku. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, nyongeza ya siku hutumwa kwa muda usiozidi nusu saa baada ya kufunga duka. Hilo ni jambo jepesi. Lakini kurejesha data zote kupitia waya huo huo baada ya janga kutachukua zaidi ya siku nne na nusu, usiku na mchana, mradi intaneti isikatike hata mara moja.

Nayo intaneti hukatika. Mnamo Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na kasi ya intaneti ikashuka Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Vituo vikubwa vya wingu vya Microsoft na Amazon barani viko Afrika Kusini. Siku kama hiyo, mwenye nakala ya ng'ambo pekee ni kama mwenye shamba ng'ambo ya mto uliofurika.

Suluhisho linalopendekezwa kwa biashara ndogo ni kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: data ziwe katika nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwa duka hilo, kanuni hiyo inaweza kutekelezwa hivi:

1. Kuorodhesha data ambazo biashara haiwezi kuishi bila hizo: wadeni, wadai, bidhaa, mishahara na rekodi za ushuru. Picha na matangazo vinaweza kungoja.

2. Kuweka programu ya kunakili mabadiliko hadi kwenye huduma ya wingu kila siku au kila saa, na kuhakikisha huduma hiyo hutunza matoleo ya siku zilizopita, ili faili iliyofutwa Jumanne ipatikane ilivyokuwa Jumatatu.

3. Kuwa na diski mbili za nje zinazopokezana kila wiki. Moja iwe dukani, nyingine ihifadhiwe Thika, Ruiru au nyumbani kwa mwenye duka, bila kuunganishwa na kompyuta yoyote.

4. Kuzifunga nakala zote kwa nywila, kwani diski iliyoibwa yenye majina na nambari za simu za wateja ni janga jingine.

5. Kuandika katika karatasi hatua za kufuata, nywila zilipo na nani wa kupigiwa simu, kisha kumpa mtu wa pili nakala. Mpango uliomo ndani ya kompyuta iliyoungua haumsaidii yeyote.

6. Kujaribu kurejesha data angalau mara moja kila robo mwaka, katika kompyuta tofauti.

Hatua ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi. Usiku ule wa Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta za dharura, lakini baadhi ya sehemu za uwanja zilibaki gizani kwa kuwa jenereta iliyotegemewa haikuwaka. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya data huoza: diski huchakaa, programu hubadilishwa, nywila husahaulika, na mfanyakazi aliyejua utaratibu huhamia kwingine. Njia pekee ya kujua kama ingali nzima ni kuifungua kabla ya siku ya kuihitaji.